Ukurasa wa vijana: Zamu yako ikifika



Kijana mumoja alituuliza: «Ni kweli kwamba kule Ulaya watu wanaogelea katika bahari ya baridi kusudi wapate feza za kusaidia wagonjwa? Mimi nikiogelea, mugonjwa anapata nini?»

Ndiyo, ni kweli. Kati ya Uingereza na Ufaransa kuna bahari nyembamba, kilometa 33 hivi. Matthew Webb aliivuka katika mwaka 1875 kwa saa 21 na dakika 45. Katika mwaka 2006 David Walliams, mutu wa kuchekesha kwenye televisheni, aliivuka naye, na watu wakatoa zaidi ya paundi milioni 1. Namna yenyewe ni hii: ndugu, jirani na wenzako wa kazi wanaahidi kila mutu kitu kidogo, sababu wanaona unajitolea kwa kazi ngumu. Feza haziingii mufukoni mwako, zinaenda kwa wenye taabu.

Lakini wengi hawawezi kuvuka peke yao. Njo maana wanafanya ekipe, mara nyingi watu 6. Mumoja anaogelea saa moja, wengine wanangoja katika mashua, kisha mwingine anaingia. Sisi wa miji ya mines tunajua mambo ya posti: wa usiku anatoka, wa asubuhi lazima awe tayari. Kule sheria ni kali. Zamu hazibadilishwe. Mutu mumoja akishindwa kuingia saa yake, safari ya wote haihesabiwe tena.

Basi wanajitayarisha namna gani? Si mbio tu. Kazi kubwa ni kuzoeza mwili baridi. Hata wakati wa joto lao, maji yale yanakuwa na digri 15 mpaka 18 hivi, nao wanavaa paka nguo ya kuogelea, kofia na miwani. Wanaanza na dakika chache, wanaongeza pole pole, juma kwa juma. Wakitoka wanajikausha na kuvaa upesi, sababu mwili unaendelea kupoa hata inje ya maji. Halafu jambo gumu kupita yote: kurudia. Mutu ametetemeka, amevaa, amekunywa chai, na sasa anapaswa kuingia tena, pengine usiku. Wanazoea hilo mbele ya siku kubwa.

Pale pale ukweli unaonekana. Anayeficha ugonjwa ao woga wake anaweza kuangusha wenzake, tena kuhatarisha maisha yake. Anayesema mapema: «Ndugu, baridi inanishinda,» huyo anasaidiwa, ao mwingine anachukua nafasi yake kungali wakati. Kusema hivyo si haya.

Vijana, tunawaomba sana: musiende kujaribu katika mashimo ya zamani yaliyojaa maji. Kingo zinabomoka, chini ni mbali, na hakuna mashua pembeni yenu. Mukitaka kusaidia mugonjwa, mutembee kilometa 10 pamoja, ao mulime shamba la mujane, na watu waahidi feza kwa kazi hiyo. Mweke mutu muaminifu wa kuandika kila franka.

Na mbele ya kuanza, mukae pamoja, kila mumoja ajibu wazi: zamu yangu ikifika, nitakuwa tayari?

Mubaki salama, mpaka mwezi ujao.