Mto Haupimwi kwa Urefu

Yako mazoea katika elimu yetu yanayostahili kushtakiwa. Mwanafunzi hukaririshwa kwamba Nile ina urefu upatao kilometa 6,650, naye hutoka darasani akiamini kuwa mto mfupi ni mto duni. Hicho ni kipimo cha kamba, si cha akili.

Namleta shahidi. Mto Ruhuhu hutoka nyanda za juu za kusini mwa Tanzania na kuingia Ziwa Nyasa kati ya Manda na Lituhi. Mgeni haujui, lakini samaki mbasa anaujua: huliacha ziwa, akaupanda mto, akataga mayai katika changarawe penye maji safi yaendayo kasi. Tope likifunika changarawe, mayai hufa. Mayai yakifa, nyavu hurudi tupu.

Basi mlinzi wa mbasa ni nani? Wengi humtazama mvuvi peke yake na kumtishia kwa sheria. Hilo ni kosa. Mlinzi wa kwanza yuko milimani Umatengo, ambako maji ya upande wa kaskazini hushukia Ruhuhu; naye ni mwanamke mwenye jembe. Katika kilimo cha ngoro, majani hufyekwa na kulazwa miraba miraba, kisha udongo wa katikati huchimbwa na kuyafunika, likabaki shimo. Mvua ikinyesha, maji hutulia shimoni badala ya kuporomoka na udongo. Majani yakioza huwa mbolea. Wamatengo walikuwa na elimu hii kabla ya bwana shamba wa kwanza kufika Mbinga.

Nitajibiwa kwamba utajiri mkubwa zaidi uko Ngaka, katika bonde hilohilo, ambako makaa ya mawe yalianza kuchimbwa mwaka 2011. Sikatai makaa, yaleta kazi na moto wa viwanda. Nakataa hesabu ya upande mmoja. Tani hupimwa kabla ya gari kuondoka. Je, ni nani apimaye hasara ya mto kabla ya mchimbaji kuondoka? Shimo la ngoro huacha chakula. Na shimo la mgodi liulizwe litaacha nini.

Mto mfupi hauna masafa marefu ya kujitakasia: kosa la mlimani asubuhi halikawii kufika ziwani. Kwa hiyo wastahili ulinzi mkubwa kuliko mto mrefu, wala si mdogo. Asiyekubali na aende Lituhi, akawaeleze wavuvi kwamba mto wao ni mdogo.