KISIMA KIKO MALILI, MBONA HATUJUI KUTEKA?

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Nami nauliza: ukipanda matatu kutoka Emali kwenda Nairobi, ukipita Malili, huwa unawaza nini?

Hapo, katika kaunti ya Makueni, ndipo Rais Mwai Kibaki alipozindua ujenzi wa mji wa Konza Januari 2013, kwenye ekari 5,000 zilizokuwa za ranchi ya Malili. Leo pana kituo cha taifa cha kuhifadhia data, na ndani yake mna seva.

Seva si dude la ajabu. Ni tarakilishi kama ile ya karani, ila kazi yake ni kuhudumia tarakilishi nyingine usiku na mchana. Ni kama kisima. Wengine huja na mitungi yao. Na lile "wingu" linalotajwa sana siku hizi, sisi watu wa Ukambani tusilitazamie mvua! Ni seva za mtu mwingine, mbali, ambazo unakodisha. Hata M-Pesa, iliyoanza 2007, seva zake zilikuwa Ujerumani hadi 2015 zilipohamishiwa Kenya. Basi kisima kimeletwa nyumbani. Je, sisi tunajua kuteka?

Maoni yangu ni haya: kila shule ya upili Kitui na Makueni, hata sisi wa kutwa, iwe na seva moja ya kufundishia. Wengi wetu tukipewa tarakilishi, tunachapa barua na kupaka jedwali rangi, basi. Huko ni kunywa maji yaliyotekwa na wengine.

Nimeona shule moja ambako tarakilishi yenye alama za mtihani iliharibika usiku wa kuamkia siku ya kufunga. Walimu wakaanza kuandika alama upya, na wanafunzi wakaenda nyumbani bila ripoti. Kumbe mistari michache ya amri, ikiandikwa mara moja tu, ingeiambia tarakilishi: kila siku saa kumi na moja jioni, nakili alama zote kwenye tarakilishi ya pili. Mwalimu angeenda zake kunywa chai na kazi ingefanyika. Amri hizo ndizo huitwa skripti. Je, hilo ni jambo la kumshinda mtoto wa Kidato cha Tatu?

Najua kuna watakaosema, "Pesa ziko wapi? Na stima ikipotea je?" Haya, nawajibu. Tarakilishi kuukuu inayowaka yatosha. Mfumo wa Linux, alioanzisha Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991, haulipiwi. Ukiunganisha tarakilishi kwa nyaya, za chumba kimoja huzungumza hata bila intaneti. Nayo stima ikipotea ndipo somo linapokolea, maana mwenye seva sharti ajue itaamkaje na kama data imesalimika.

Kulinda lango na kufyeka nyasi ni kazi za heshima. Lakini itakuwa aibu ikiwa Konza itatupa hizo tu, na wa kuzipanga seva watoke mbali.

Walimu wetu wapendwa, penye nia pana njia. Ile stoo yenye tarakilishi zilizojaa vumbi, tufungulieni.



Mwanachama, Kidato cha Tatu