MWAMBIE DAKTARI KAZI YAKO



Wengi wetu tukikohoa twanunua dawa ya chupa dukani, na chupa ikiisha twanunua nyingine. Kikohozi kikipita majuma mawili, nenda hospitali. Huko daktari huanza kwa kuuliza: kimeanza lini, makohozi yana damu, watoka jasho usiku, umekonda, wavuta sigara? Kisha husikiliza kifua na mgongo, huagiza makohozi yapimwe kifua kikuu (katika hospitali za Serikali kipimo hiki ni bure), na pengine eksirei, au upulize mashine ya kupima pumzi.

Lakini swali moja mara nyingi husahauliwa, maana foleni ni ndefu: wafanya kazi gani? Mtu wa kiwanda cha pamba aweza kubanwa kifua Jumatatu, siku ya kurudi kazini, kisha akapata nafuu katikati ya juma. Maradhi hayo yakianza hayaonekani katika eksirei wala katika makohozi. Hujulikana kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe. Vumbi la mawe nalo huacha makovu yanayoweza kudhaniwa kifua kikuu, na mvunja mawe aweza kuwa na yote mawili.

Basi usingoje kuulizwa. Taja kazi, vumbi na miaka uliyolivuta, umwombe daktari ayaandike. Sheria ya mwaka 2007 ya fidia kwa walioumia kazini inahesabu pia maradhi yaletwayo na kazi, lakini karatasi iliyoandikwa “kikohozi” tu haimdai mwajiri kitu. Ukiipata iliyo kamili, Katibu wa tawi aweke nakala.