Theluji Si Habari

Kila msafiri arudiye Nakawa kutoka Moscow hutusimulia yale yale: baridi kali, treni za chini ya ardhi, na watu wasiomchekea mgeni. Majuma mawili tu, naye amekwisha kuwa mjuzi wa Warusi! Nasi walimu twazipokea insha hizo na kuzitia alama nzuri, kana kwamba theluji ni habari.

Mimi nazipinga. Mji ambao huijui lugha yake hujauona. Umeona kuta zake. Wanafunzi wa Afrika Mashariki waliokwenda katika Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa, kilichoanzishwa Moscow mwaka 1960, walijifunza Kirusi kwanza, kwa mwaka mzima, kabla ya masomo yenyewe. Hao ndio wa kuulizwa.

Tena liko jambo ambalo wasafiri wetu hawalitaji, labda kwa haya. Huko Leningrad, mji ambao tangu 1991 waitwa tena Saint Petersburg, Kiswahili kilianza kufundishwa chuo kikuu mwaka 1934. Hapa Nakawa tungali twaambiwa kwamba ni lugha ya askari na wezi, ingawa Katiba, ilivyorekebishwa mwaka 2005, yakitaja kuwa lugha rasmi ya pili.

Kijana mmoja wa hapa alisalimiwa huko na mwanafunzi wa Kirusi: "Hujambo, bwana?" Akajibu kwa Kiingereza. Hilo hakuliandika katika insha yake. Nimelipata kwa mwenziwe.