Jembe la Vijana Litangulie Mvua

Ulinzi wa nchi haukomei mpakani. Nchi ni watu pamoja na ardhi inayowalisha, na ardhi ikichukuliwa na maji imepotea kwa wenyewe kama ile iliyotekwa na adui. Kwa sababu hiyo, sisi tulio katika utumishi wa jeshi hatudhani kwamba tunaingilia kazi ya mabwana shamba tunaposema leo juu ya miteremko ya Mlima Elgon, na juu ya wajibu wa vijana wa vijiji vya huko katika kuiponya.

Wasomaji wetu wanakumbuka jioni ya tarehe 1 Machi, 2010. Baada ya mvua kubwa, mlima uliporomoka juu ya kijiji cha Nametsi, Wilaya ya Bududa. Watu waliokadiriwa kuwa zaidi ya 300 walifukiwa pamoja na nyumba zao, maduka na kituo chao cha afya. Mashine hazikuweza kupanda mpaka huko, hivyo askari na wanavijiji walichimba kwa majembe na sepetu, na miili mingi haikupatikana kamwe. Mwezi Juni 2012 maporomoko yaliirudia Bududa. Mwezi Oktoba 2018 Mto Suume ulishuka na mawe na magogo, ukaua watu zaidi ya 40. Mwishoni mwa Novemba 2024 ikawa zamu ya Wilaya ya Bulambuli, ambako vijiji vizima vilifunikwa usiku.

Kila mara jeshi liliitwa, na kila likiitwa litaitika. Lakini ni lazima tuseme wazi kwamba sepetu ya askari hufika baada ya msiba. Kazi yake ni kutafuta maiti. Jembe linaloweza kuokoa roho ni lile linalofika kabla ya mvua, na mikono ya kulishika ipo tayari vijijini: ni mikono ya vijana.

Mlima huu wenye urefu wa mita 4,321 una udongo mzito wa mfinyanzi uliolala juu ya mwamba uliooza, na mvua yake ni nyingi. Hayo ni maumbile, wala hayana wa kulaumiwa. Lakini yako pia matendo ya binadamu. Sensa ya mwaka 2014 ilihesabu watu wapatao 210,000 katika wilaya ndogo ya Bududa. Kwa mila za Wamasaba, kijana akishapita jando ni mtu mzima, naye hutazamia kumegewa shamba na baba yake. Baba aliyemegewa na babu ana nini tena cha kumega? Ndipo kijana anapopanda juu zaidi, akafyeka mteremko ambao wazee wake waliuogopa, akachonga ubavu wa kilima apate kiwanja cha nyumba. Miti iliyoushika udongo kwa mizizi yake imekwisha, na tako la kilima limekatwa. Mvua ikija, udongo unashuka. Usiposhuka kwa kishindo, hushuka kidogo kidogo kila msimu, ukaingia Mto Manafwa na kwenda kujaa katika mifereji ya mashamba ya mpunga ya Doho, Wilaya ya Butaleja. Hivyo mkulima wa mlimani anapoteza rutuba, na yule wa bondeni anapoteza maji.

Dawa yake inajulikana, wala haihitaji fedha nyingi. Vijana watatu wenye miti mitatu, kamba na jiwe wanaweza kutengeneza kipimo chenye umbo la herufi A, na kwa kipimo hicho wakapima mstari ulio sawa kuukata mteremko kwa upana. Katika mstari huo huchimbwa mtaro wenye kina cha nusu mita hivi. Udongo ukitupwa upande wa juu, njia hiyo huitwa fanya juu. Ukitupwa upande wa chini, huitwa fanya chini. Majina hayo ni ya Kiswahili, na wataalamu wa ardhi wa mataifa mengi huyatumia hivyo hivyo. Juu ya tuta hupandwa majani ya tembo, ambayo hushika udongo na kulisha ng'ombe. Katikati ya kahawa na migomba hupandwa mringaringa na miti mingine yenye mizizi ya kwenda chini. Baada ya misimu kadhaa, shamba lililokuwa limeinama kama paa huanza kukaa ngazi kwa ngazi.

Hata hivyo bidii bila maarifa ni hatari. Mtaro huzuia maji, na maji yaliyozuiwa hunywewa na udongo. Penye mteremko mkali sana, au penye shimo la kilima ambako maji hukusanyika, udongo mzito ukinywa kupita kiasi huweza kuteleza wote kwa pamoja. Mahali hapo pasichimbwe mtaro. Pastahili miti, na watu wahamie kwingine. Kwa hiyo kila kikundi cha vijana kiongozwe na mtaalamu anayeujua mlima, naye apite shamba kwa shamba kabla jembe halijainuliwa.

Sasa tufike kwenye kiini cha maneno yetu. Sisi tumefundishwa kutoa amri na kutii amri, na tunajua amri inaweza kufanya nini. Inaweza kukusanya vijana mia tano asubuhi moja na kuchimba mitaro kilima kizima. Haiwezi kuufanya mti uote. Mche uliopandwa mbele ya wageni, ukaachwa bila wa kuupalilia, hufa kabla ya kiangazi kwisha, na mtaro usio na mwenyewe hujaa matope kwa misimu miwili.

Jirani zetu wa Machakos, nchini Kenya, walilijua jambo hili kwa uchungu. Wakati wa ukoloni Wakamba walilazimishwa kuchimba matuta, nao wakaichukia kazi hiyo. Uhuru ulipokaribia wengi waliitupa. Baadaye waliirudia kwa hiari yao, katika vikundi vyao vya mwethya ambamo wanawake walikuwa wengi, kila mmoja akijua kwamba zamu ya shamba lake itafika na kwamba mavuno ni yake. Kati ya miaka ya 1930 na mwaka 1990 watu wa Machakos waliongezeka zaidi ya mara tano, lakini ardhi iliyokuwa imehesabiwa kuwa imekufa ilikuwa katika hali nzuri kuliko mwanzo. Basi wingi wa watu peke yake hauui ardhi.

Hapa kwetu pia mfano upo. Kufikia mwaka 2020 mpango wa miti wa eneo la Mbale, unaosaidiwa na watu wa Wales, ulikuwa umetoa miche zaidi ya milioni 10, nayo ilipandwa na wakulima katika mashamba yao wenyewe. Mkulima hulinda alichopanda kwa ajili ya watoto wake.

Ikiwa ndivyo, kijana asiye na shamba atalinda nini? Haifai kumwita achimbe mtaro katika ardhi ya mwingine kwa kisingizio cha uzalendo, kisha arudi nyumbani mikono mitupu huku mwenye shamba akivuna. Ataitika mara moja. Mara ya pili hatatokea, na hatutakuwa na haki ya kumwita mvivu.

Sisi tunashauri kwamba kila kazi ya namna hii ianze kwa mapatano yaliyoandikwa mbele ya mwenyekiti wa kijiji, baina ya mwenye shamba na kikundi cha vijana. Kikundi kipewe haki ya kukata majani yaliyo juu ya tuta, na sehemu ya miti itakapokomaa. Serikali nayo, inapogawa fedha za miche, ilipe kwa miche iliyo hai baada ya mwaka wa pili, si kwa mashimo yaliyochimbwa siku ya sherehe. Na ile miteremko ambayo watu wake walihamishiwa Kiryandongo tangu mwaka 2010 na Bunambutye tangu mwaka 2019, isirudiwe kulimwa kwa siri; vijana waajiriwe kuipanda miti na kuilinda.

Tunawaomba wazee wa Masaba wasiwaonee vijana wivu wa ardhi. Mzee anayekataa kumpa kijana sehemu ya miti leo, huenda kesho akakosa shamba na kijana pia. Nanyi vijana, msingoje gari la jeshi lije kuwachimbua. Kateni miti mitatu, tafuteni kamba na jiwe, mwiteni mtaalamu wa kata yenu, mkapime mstari wa kwanza wakati udongo ungali mkavu.