Fulana za 2027: sura za wagombea, jasho la nani?

Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027, lakini sura zishaanza kutembea. Ukivuka feri kwenda Likoni, au ukishuka Bamburi kule Kisauni, hukosi kukutana na mtu amembeba mheshimiwa kifuani. Nyingi ni kazi ya skrini: fremu ya mbao, kitambaa chembamba kilichokazwa (zamani kilikuwa hariri hasa), dawa inayogandishwa na mwanga, kisha wino ukasukumwa kwa raba.

Wengi huona ni kupiga chapa tu. Mimi nasema ni uchoraji. Fundi huletewa picha ya simu yenye vivuli tele, naye ana rangi moja. Ni yeye aamuaye kipi kiwe cheusi na kipi kibaki kitambaa. Kivuli cha pua kikienda kombo, mgombea hatambuliwi hata na mamake. Mwaka 1962 Andy Warhol alichapa sura ya Marilyn Monroe kwa njia hii hii, na leo kazi zake zatundikwa katika makumbusho makubwa. Wetu wa Changamwe twamwita "kijana wa fulana", na bei twamkatia vivyo hivyo.

Na picha si jambo dogo Mombasa. Kura ya ugavana ya 2022 ilitolewa Agosti 9 ikapelekwa 29 kwa kuwa karatasi za kura zilikuja na picha zisizo za wagombea wetu. Karatasi hizo zilichapwa Ugiriki.

Leso yetu imezoea kusema kwa jina, ingawa Obama aliposhinda mwaka 2008 naye alitiwa sura kwenye leso. (Fulana yenye sura, ndugu yangu, usiingie nayo kwenye safu ya swala.)

Linalonikera ni malipo. Mgombea huchukua mzigo kwa ahadi. Uchaguzi ukiisha, aliyeshindwa hapokei simu, aliyeshinda kabadilisha nambari. Fundi kabaki na deni la wino. Halafu huyo huyo husimama Mtongwe kutuhubiria ajira kwa vijana! Mwulizeni fulana yake imechapwa wapi, na aliyeichapa kalipwa?

Nanyi mafundi, nusu ya pesa ishikeni kabla ya kutayarisha skrini, na iliyobaki kabla bunda halijatoka kibandani. Akiwa mheshimiwa kweli, ataelewa.