LAKI TATU SI MSHAHARA WA MHITIMU



Tunao vijana hapa Tanga, wana shahada ya kompyuta, wanaambiwa waandike programu kwa Sh 300,000 kwa mwezi. Tupige hesabu. NSSF asilimia 10: 30,000 imekwenda. Bodi ya Mikopo asilimia 15: 45,000 imekwenda. Inabaki 225,000. Hapo hajalipa chumba Ngamiani, hajala, hajanunua bando, na bando ndilo jembe lake.

Tangu Julai 2025 kima cha chini serikalini ni Sh 500,000. Waajiri wanajibu: "Hana uzoefu." Mbona mfumo aliouandika huyo asiye na uzoefu mnautumia kuuzia kila siku? Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Wengine hawapewi hata karatasi, wakati Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri aandike masharti ya kazi, mshahara ukiwemo.

Msimamo wetu: mhitimu asianze chini ya kima cha serikali. Wazazi, tuache kuwaambia "shika hicho hicho". Aliyepewa mkataba asisaini peke yake. Aulete ofisi ya tawi Jumamosi saa nne asubuhi, tuusome pamoja. Aliyenyimwa naye aje.

Katibu wa Tawi